Nyimbo ni Zake, Mlango si Wake

Saa mbili asubuhi, ngazi za jengo zinanukia sponji mpya. Ghorofa ya chini wanauza magodoro, na mteja anayepanda juu kukandwa hufika mlangoni akiwa ameshaanza kusinzia. Katika chumba cha tatu mkono wa kushoto, mwanamke mfupi mwenye aproni ya kijani anamimina mafuta kiganjani, anayasugua mpaka yanapata moto, kisha anatulia kidogo kama mtu anayesikiliza nyayo.

Kitandani amelala mwalimu mstaafu, kifudifudi, uso umezama kwenye tundu la kitanda. Simu iko juu ya rafu, imeegemezwa kwenye chupa. Wimbo unaanza, gitaa tupu lisilo na mwimbaji, na vidole vinatua kiunoni.

Mwanamke huyu hatazami saa. Hatazami kitu chochote. Macho yake yalizimika miaka kumi na mmoja iliyopita. Wimbo wa kwanza ni wa kiuno. Wa pili unapanda na uti wa mgongo. Wa tatu ni wa bega la kulia, wa nne la kushoto, na wa tano, wenye filimbi, ni wa kugeuka. Mwalimu anaujua. Filimbi ikilia hangoji kuambiwa, anajipindua mwenyewe.

"Nimewasimamisha watoto kwa kengele maisha yangu yote," anasema, sauti ikitokea chini ya kitanda. "Sasa nageuzwa na filimbi. Malipo ni hapa hapa duniani."

Leo filimbi hailii. Wimbo wa bega la kushoto unakatika katikati, kama uzi. Kisha simu inasema kwa ile sauti yake kavu: "Ruhusa imekwisha. Ingia tena dukani."

Vidole vinasimama.

"Dada, umenikimbia?"

"Nipo, Mwalimu. Waliokimbia ni wengine."

Anamalizia kwa kubahatisha. Bega la kushoto linapata zaidi ya haki yake, miguu inapata chini ya haki yake, na Mwalimu anashuka ngazi akilalamika kwamba upande mmoja umekuwa kijana na mwingine umebaki na umri wake.

Wateja humwita Vidole. Jina limemganda kiasi kwamba hata mama yake akipiga simu mapokezi huuliza, "Vidole yupo?" Ni mtu asiyejua kukaa. Mteja akitoka, anakunja taulo. Taulo zikiisha, anazikunjua azikunje upya. Ana pilikapilika za mtu aliyeacha chungu jikoni, na asubuhi hii pilikapilika hizo zimekuwa maradufu. Anaichukua simu, anaigusa, anasikiliza, anairudisha. Anaichukua tena.

"Ruhusa imekwisha," simu inarudia.

"Ruhusa ya nani?" anaiuliza. "Nimenunua mimi!"

Zamani Vidole alikuwa mshonaji katika karakana ya sare za shule. Alishona kola. Kola tu, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka akawa anaota kola. Presha ya macho ilimjia polepole: kwanza alipoteza kingo za vitu, kisha tundu la sindano, mwishowe sindano yenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

"Watu wanadhani nililia siku macho yalipozima," anasema. "Nililia siku msimamizi aliponiambia niende nyumbani nikapumzike. Kupumzika! Mimi nikipumzika naumwa."

Alisomea ukandaji kwa miezi tisa, akaajiriwa hapa, juu ya magodoro. Mikono ilikuwa hodari tangu mwanzo. Kilichomtesa ni muda. Wenzake wanaoona wana saa ukutani. Yeye alinunua saa inayoongea, lakini mteja akisikia ukuta unasema "saa nne na robo" anashtuka akidhani anafukuzwa. Saa ya mkononi haiwezekani. Mkono wa mkandaji hauvai kitu, unavaa mafuta. Wakajaribu redio.

"Namlegeza mtu shingo, shingo inakubali, mara redio inamtangazia mikopo," anasema. "Shingo inakaza upya, zaidi kuliko alivyokuja."

Hapo ndipo alipopata wazo la nyimbo. Wimbo una mwanzo, una urefu wake, na una mwisho unaojulikana kabla haujafika. Ukizipanga nyimbo vizuri, unakuwa na ramani ya mwili mzima. Shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye ana kibanda cha kutengeneza simu, alimfungulia akaunti kwenye duka la muziki la mtandaoni. Vidole akaanza kununua, wimbo mmoja mmoja.

Wimbo mmoja bei yake ni nauli ya kwenda na kurudi kazini. Kwa hiyo siku ya kununua wimbo, Vidole hutembea, fimbo mkononi, akipita kando ya mtaro. Ametembea mara nyingi. Leo ana nyimbo zaidi ya mia tatu, na hanunui ovyo. Husikiliza kionjo mara tatu, nne. Wimbo wenye mtu anayelia haufai. Wenye makofi haufai. Kuna mmoja mtamu sana aliununua kwa haraka, akagundua baadaye kuwa katikati yake kuna ngoma inayogonga kama mlango.

"Kila mteja alikuwa anainua kichwa na kusema, 'Karibu!'"

Kizuizi kilikuwa kingine. Programu ya duka lenyewe haikumjali. Simu ya Vidole humsomea kila anachokigusa, lakini waliotengeneza programu ile hawakuvipa vitufe vyao majina. Akigusa pa kuchezea wimbo, simu inasema, "Kitufe." Akigusa pa kusimamisha, "Kitufe." Akigusa pa kufuta, pia, "Kitufe." Aliwahi kufuta nyimbo sita akitafuta namna ya kupunguza sauti. Na wimbo wake wa mwisho ukiisha, programu inajichagulia mwingine bila kuulizwa, kama mgeni anayejipakulia.

Rafiki yake mmoja asiyeona, mpokea simu wa kampuni ya maji, ndiye aliyemwonyesha njia. Kuna programu ya kuchezea muziki iliyotengenezwa na mtu wa nje, asiyehusiana na duka kabisa. Unaipa ruhusa mara moja, inaingia dukani kwa niaba yako, inazikuta nyimbo ulizonunua na kukuchezea moja kwa moja kupitia intaneti, bila kuzijaza kwenye simu. Vitufe vyake vyote vina majina. Na foleni ya nyimbo unaipanga wewe, ikiisha, imeisha.

Vidole aliipenda siku ileile. Akaibatiza Mpangaji.

"Duka ndiyo nyumba," anafafanua, huku akihamisha chupa ambazo hazikuwa na haja ya kuhamishwa. "Nyimbo ni vyombo vyangu, vimo ndani. Mpangaji anaishi humo, ananifungulia. Siku mwenye nyumba akibadilisha kitasa, mpangaji yuko nje, na mimi na vyombo vyangu tunaitana kupitia dirishani."

Kitasa kimebadilishwa. Duka lilikuwa limetangaza wiki tatu kabla: programu zote za nje ziombe ruhusa upya kwa utaratibu mpya, na zisizoomba zitafungiwa. Fundi wa Mpangaji aliwaandikia watumiaji wake kwamba anashughulika. Ni mtu mmoja tu, kazi yake ya mchana ni kutengeneza lifti katika nchi ya mbali, na programu hii huishughulikia akitoka kazini.

"Fundi wa lifti," anasema Vidole. "Angalau anawajua watu waliokwama katikati."

Wiki tatu zimepita. Ndani ya Mpangaji kuna foleni arobaini na moja, kila mteja wa kudumu na yake. Dereva wa lori ana nyimbo tatu za miguu. Mama wa duka la vitambaa hana wimbo wa kugeuka kabisa, kwa sababu anataka mgongo tu. Ni kazi ya miaka minane, na Jumatatu hii imefungiwa yote.

Kabla ya mchana, bosi amesikia. Bosi ni mwanamke anayependa mambo yanyooke. Hata slipa za wateja huzipanga zikitazama upande mmoja. Anaingia chumba cha tatu bila kubisha.

"Vidole, nimesikia muziki wako umekatika mbele ya mteja."

"Utarudi, bosi."

"Lini?"

Mikono ya Vidole inatafuta taulo.

Bosi ana mpango wake wa siku nyingi: spika katika kila chumba, sauti moja kutoka mapokezi, mawimbi ya bahari kutwa nzima. Ameshanunua waya. "Ijumaa fundi anakuja kufunga. Kama wako umerudi, chumba chako nitakiruka. Kama haujarudi, utapata mawimbi kama wengine, na utahamia chumba cha Barafu, mfanye zamu, yeye akuangalizie saa."

Barafu ni mkandaji mwenzake, mwanamume mrefu mwenye mikono baridi isiyopata moto hata kwa mafuta ya aina gani. Ni mtu mwema. Lakini kuhamia kwake maana yake ni kitanda kimoja kwa watu wawili, nusu ya wateja, na kugutushwa kila mara kwa "Bado dakika tano, dada." Chumba cha tatu ndicho kitu pekee ambacho Vidole, tangu macho yazime, amekiendesha mwenyewe tangu mteja anapoingia hadi anapotoka.

"Bahari haina mwisho," anamwambia Barafu jioni, wakifua taulo. "Nitajuaje nigeuze mtu? Nitamkanda mgongo mpaka nitokee upande wa pili."

"Mimi nitakwambia."

"Ndiyo maana sitaki."

Barafu anacheka, lakini hakosi la kusema. "Nguo ya kuazima haisitiri matako, dada. Ulijenga kwa mtu."

"Na wewe mikono yako uliiazima wapi? Chumba cha maiti?"

Kesho yake, Jumanne, shemeji anakuja mwenyewe, akihema kwa ngazi. Amebeba kikadi cha kumbukumbu kidogo kuliko ukucha.

"Mke wangu mdogo!" anaita toka mlangoni. "Mumeo wa akiba nimekesha kwa ajili yako, na hujawahi kunikanda hata shingo."

"Nikukande shingo nikosee, dada yangu abaki mjane?"

"Basi shika hiki. Nyimbo zako zote nimezipakua kwenye kompyuta ya kibandani, nikazijaza humu. Umenunua, kupakua ni haki yako. Hazihitaji duka, hazihitaji intaneti, hazihitaji fundi wa lifti wa huko aliko. Weka kwenye simu, cheza."

Vidole anamkumbatia mpaka aproni inamwachia alama ya mafuta kwenye shati. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, anakula chakula chote akiwa ameketi.

Jumatano asubuhi Mwalimu anarudi, kama ilivyo ada yake. Analala kifudifudi. Vidole anapasha mafuta, anabonyeza pa kuchezea, na vidole vyake vinashuka kuelekea kiunoni.

Filimbi inalia.

Mwalimu, mtu wa nidhamu, anageuka. Vidole anakifuata kiuno na kukutana na tumbo.

"Mwalimu! Mbona tumbo?"

"Filimbi imelia."

"Si yako hiyo! Rudi."

Mwalimu anarudi. Kumbe kikadi kimezipanga nyimbo kwa herufi za majina ya wapigaji, na mpiga filimbi yuleyule ana nyimbo tatu zinazofuatana, ambazo Vidole alizinunua kwa vipindi tofauti ili ziwe za kugeuka katika foleni za watu tofauti. Anaruka wimbo kwa kiwiko, kwa sababu vidole vina mafuta. Filimbi ya pili. Mwalimu anageuka. Anarudishwa. Filimbi ya tatu.

"Binti yangu," Mwalimu anasema, chali, akitazama dari, "leo unanikanda au unanikaanga?"

Baada ya filimbi unakuja wimbo wa miguu wa dereva wa lori, na kabla hajawaza, mikono ya Vidole imeshaufuata. Miaka minane imeizoesha. Wimbo ukisema miguu, inaenda miguuni. Mwalimu, mwenye mtekenyo kwenye nyayo, anapiga kelele ya kicheko inayofika ghorofa ya magodoro.

Mlango unafunguka. Ni bosi. Anamkuta mteja amelala chali shaghalabaghala, taulo liko sakafuni, na mkandaji wake ameshika kisigino cha mtu kama anayepima kiatu.

"Ijumaa," anasema bosi, na kufunga mlango.

Mwalimu anaondoka akicheka. Vidole hacheki. Anakaa kwenye ukingo wa kitanda, anasimama, anakaa tena.

"Shemeji alinipa matofali yote ya nyumba," anasema. "Lakini nyumba si matofali. Ni lipi liko juu ya lipi."

Angeweza kuzipanga upya, moja baada ya moja, kwa kuzisikiliza. Amejaribu Jumatano yote kati ya mteja na mteja. Mpaka jioni amemaliza foleni moja na nusu.

Alhamisi, katikati ya mgongo wa mama wa duka la vitambaa, simu inalia. Vidole anajizuia. Anamaliza mgongo, anapokea shukrani, anafunga mlango, ndipo anairukia. Ni ujumbe wa fundi wa lifti, unasomwa na ile sauti kavu: duka limekubali. Toleo jipya la Mpangaji liko tayari. Foleni zote za zamani zimehifadhiwa. Kila mtumiaji aingie mara moja kwenye ukurasa wa duka, athibitishe kuwa ni yeye, na ruhusa itarudi kwa miezi mitatu, kisha aombe tena.

Anapakua toleo jipya kwa bando la mwisho la wiki. Anaandika neno lake la siri. Ukurasa unafunguka na kumwambia athibitishe kuwa yeye ni binadamu, kwa kuchagua picha zote zenye taa za barabarani.

Anasikiliza mara mbili, asije akawa amesikia vibaya.

"Taa za barabarani," anaiambia simu. "Kama ningeziona, ningekuwa hapa naongea na wewe?"

Anampigia shemeji, naye hana hata salamu ndefu. "Lete hiyo simu kibandani. Dakika moja nakubonyezea."

"Na baada ya miezi mitatu?"

"Unaleta tena."

"Na ukiwa umesafiri? Ukiwa mgonjwa? Ukiwa umegombana na dada mmelala kila mtu na upande wake?"

"Shemeji, kesho ndiyo Ijumaa!"

"Najua kesho ni siku gani. Ulipofungua akaunti hii ukaandika siku yako ya kuzaliwa badala ya yangu. Miaka minane duka linanitakia heri mwezi wa sita. Mimi mtoto wa Desemba! Niache nijaribu mwenyewe kwanza. Nikishindwa, jioni nakuja kwa magoti."

Shemeji anaguna, kisha anakumbuka kitu. Picha zile, anasema, huwa na kitufe kidogo pembeni kwa wasioona. Ukikibonyeza unapewa sauti badala ya picha. Hajawahi kukitumia. Vidole anapitisha kidole kwenye skrini. Kitufe. Kitufe. Kitufe. Anabonyeza cha nne, na simu inaanza kutoa mlio kama wa watu wanaotafuna karatasi ndani ya pipa. Nyuma ya mlio, mbali, mtu anataja tarakimu.

Anaandika alichosikia. "Si sahihi. Jaribu tena."

Mara ya pili mashine ya kufulia iliyo nyuma ya ukuta inaingia kwenye kukamua na kumeza tarakimu zote. Mara ya tatu, chini, muuza magodoro anaita wapakuzi. Ukurasa unamwonya kwamba amebakiwa na nafasi mbili, kisha akaunti itafungwa kwa saa ishirini na nne.

Saa ishirini na nne ni Ijumaa yote.

Anatoka na simu kifuani, mkono mmoja ukiambaa na ukuta. Katika jengo hili kuna mahali pamoja tu pasipo na kelele: stoo ya taulo, isiyo na dirisha, iliyojaa pamba kutoka sakafuni hadi darini. Lakini imepakana na mashine.

"Barafu!"

"Naam."

"Zima mashine."

"Iko katikati ya taulo za bosi!"

"Zima, halafu simama mlangoni kwangu. Mtu akija, mwambie nimezimia."

"Umezimia ndani ya stoo?"

"Mwambie ninavyopenda taulo, furaha imenizidi."

Barafu anazima mashine. Vidole anajifungia gizani, ambako kwake ni kama mahali popote, na kuzungushia kichwa chake na simu taulo mbili nene. Anabonyeza. Karatasi inatafunwa. Nyuma yake, tarakimu. Anazishika tatu, ya nne inamponyoka. Hakuna muda wa kufikiri, mahali pake anabahatisha sita.

"Si sahihi. Umebakiwa na nafasi moja."

Nje, sauti ya bosi: "Mashine imezimwa na nani?"

"Na mimi, bosi," anasema Barafu. "Ilikuwa inatetemeka."

"Mashine ya kufulia hutetemeka! Na hapo umesimamia nini?"

"Taulo."

"Taulo zinakimbia?"

"Bosi, nakuomba," anasema Barafu, na kwa mara ya kwanza hakuna utani katika sauti yake. "Naomba tunyamaze wote wawili, kidogo tu. Kisha unifukuze."

Huenda ni ile "nakuomba". Huenda bosi ameliona shati la Barafu lililolowa jasho, mtu ambaye hata mchana wa joto mikono yake ni barafu. Ananyamaza. Jengo zima linanyamaza. Hata muuza magodoro, kwa bahati tu, anakunywa maji.

Ndani ya taulo, Vidole anabonyeza kwa mara ya mwisho. Anafanya anachofanya akiwa na mgongo mgumu: hausukumi, anauwekea mkono na kungoja. Anaiacha ile karatasi itafunwe inavyotaka. Tarakimu zinapita chini yake, moja, moja, kama vifundo. Anaziandika nne zote bila kupumua.

Halafu simu, kwa sauti kavu isiyojua ilichofanya, inasema: "Karibu tena. Foleni arobaini na moja."

Mlango wa stoo unafunguka kwa nguvu hata Barafu anakaribia kuanguka. Vidole anatoka na taulo kichwani, akilia na kucheka, akitafuta mtu wa kumshika, na anayemshika ni bosi.

"Mimi ni binadamu!" anamwambia. "Duka limethibitisha!"

Bosi, aliyekumbatiwa kwa mikono ya mafuta, anakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia. Kisha anajitoa na kujikung'uta. "Washa mashine," anamwambia Barafu. Ijumaa fundi wa spika anakuja na waya zake, anafunga vyumba vinne, na cha tatu anakiruka.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, lakini Vidole hajakaa chini. Ruhusa ni ya miezi mitatu. Mwenye nyumba akibadilisha kitasa mara moja, atabadilisha tena. Kwa hiyo kila siku, kati ya mteja na mteja, anachukua foleni moja iliyo kwa Mpangaji, anaisikiliza, na kuipanga upya kwenye kile kikadi cha shemeji, wimbo kwa wimbo, kwa utaratibu uleule. Amefikia ya tisa. Dereva wa lori ameshahamia. Mwalimu naye ameshahamia, na ameomba aongezewe wimbo mmoja wa nyayo, mradi aambiwe mapema.

Kuna kuhama kwingine anakowaza. Nyuma ya kibanda cha shemeji kuna chumba kilichojaa makasha ya simu zilizokufa. Vidole ameshakipima kwa fimbo: kitanda kinaingia, rafu inaingia, na mtu anaweza kukizunguka kitanda bila kugonga nyonga. Shemeji anasema kitahitaji rangi.

"Rangi ya nini?" Vidole anamuuliza. "Nataka kitasa. Kipya, na ufunguo uwe mmoja."

"Mmoja? Ukipotea je?"

"Nitapapasa mpaka niupate. Ndiyo kazi yangu."

Hajaweka tarehe. Anasema atahama kikadi kitakapokuwa na foleni zote arobaini na moja, na wateja wa kutosha watakapokubali kumfuata. Hata hivyo tayari amefanya jambo moja. Jumamosi alitembea kutoka kazini hadi nyumbani, kando ya mtaro, na nauli ile akanunua wimbo. Amesikia kionjo chake tu: marimba, polepole, na nyuma yake kitu kama mvua juu ya bati. Ameupakua moja kwa moja kwenye kikadi, na hajauweka katika foleni ya mtu yeyote.

"Huo ni wa mteja wa kwanza wa chumba changu," anasema. Kidole chake cha shahada kinagongagonga kwenye simu, hakitulii. "Sijui unavyoishia. Nimejikataza kuusikiliza mpaka siku hiyo, na kujikataza kwenyewe kunaniwasha kama upupu."